Dalali, Kiwanja na Fedha Yako: Kijitabu cha Mnunuzi wa Kalangalala

Pita mitaa ya Kalangalala, hapa Geita mjini, na kata jirani utakutana na kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mwenye nyumba hajaandika hivyo kwa mapambo. Ameandika kwa sababu amesikia, au yamemkuta mwenyewe, kwamba mtu asiyemjua alileta mnunuzi wakati yeye yuko kazini, akamzungusha uani, akapokea arubuni na kuzima simu. Ukisogea mbele kidogo, kwenye nguzo ya umeme, kuna kipande cha bati: VIWANJA VINAUZWA, na namba ya simu. Mnunuzi mgeni anatafuta makazi kati ya maandishi hayo mawili, na hatuwezi kumlaumu akiogopa.

Kijitabu hiki kinajibu swali ambalo watu wa Geita hutuuliza kuliko jingine lolote: ninapotaka kununua kiwanja au nyumba, nimlipe dalali au nijitafutie mwenyewe? Jibu letu ni kwamba dalali anastahili malipo kwa kazi moja, nayo ni kutafuta. Kazi ya kuthibitisha si yake hata akiwa mwaminifu kama mzazi wako, na karibu kila kilio tunachokisikia kimeanzia pale mnunuzi alipomwachia dalali kazi zote mbili.

Mji uliokua kwa haraka

Mgodi mkubwa wa Geita, GGM, ulianza uzalishaji mwaka 2000. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012, ukaleta ofisi, watumishi na wafanyabiashara waliohitaji mahali pa kulala. Machi 2019 soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa, na mchimbaji mdogo aliyezoea kuuza gramu zake kwa kujificha akaanza kupokea fedha yake mchana kweupe, mjini. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,977,608 katika mkoa mzima. Mahali penye watu wanaoingia kila siku na fedha inayokuja kwa mkupuo, madalali lazima wawepo. Anayefanya kazi kwa zamu mgodini hana wiki mbili za kuzunguka mitaani. Kijana ambaye duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, limetema anataka kujenga kabla fedha haijayeyuka. Mwalimu aliyehamishwa kutoka Kahama hajui Nyankumbu iko upande gani wa barabara.

Kwa hiyo hatuwaiti madalali wezi. Wapo wanaoishi kwa kazi hii na kusomesha watoto kwayo, na mji usingewahifadhi wageni wake bila wao. Shida iko kwingine. Dalali wa dhahabu hatakiwi kufanya biashara bila leseni iliyotolewa chini ya Sheria ya Madini, na ukimtilia shaka unajua pa kuuliza. Dalali wa viwanja unayemkuta kijiweni mara nyingi ana simu, bodaboda na maneno matamu, basi. Jirani zetu Kenya wana sheria maalumu ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, na bodi ya kuwasajili. Kwetu, kwa miaka mingi, kinachomlinda mnunuzi kimekuwa leseni ya biashara ya kawaida na Sheria ya Mikataba, ambayo wengi hawajui kwamba inamhusu dalali pia. Tutaieleza mbele.

Anachokijua dalali mzuri

Dalali mzuri anajua mambo ambayo hayamo katika karatasi yoyote. Anajua mtaa ambao bomba la mamlaka ya maji, GEUWASA, limefika lakini maji hutoka usiku tu. Anajua kiwanja ambacho kiangazi ni kikavu na masika hugeuka bwawa. Anajua mzee anayetaka kuuza kwa sababu ana mgonjwa hospitalini, na mzee anayetangaza tu apime upepo wa bei. Anajua kiwanja cha aina hiyo kiliuzwa kwa bei gani mwaka jana, siyo bei iliyotangazwa bali fedha iliyotoka mfukoni. Ukiwa mbali na Geita, au ukiwa na siku moja tu ya mapumziko kwa wiki, ujuzi huo una thamani ya kweli, na kumlipa mtu anayekuokolea mwezi wa kuzunguka si kupoteza fedha.

Utamtambua kwa namna anavyojibu. Ukimuuliza, "Kaka, huyu muuzaji unamfahamu vipi?" atakueleza. Ukimwambia, "Nataka nikaulize halmashauri kwanza," atasema, "Sawa, twende wote." Yule anayekujibu, "Bosi, hii mali ya moto, kesho hukuti kitu," amekwisha kukuambia anachokiogopa.

Ni mtu wa nani?

Kabla hujakanyaga kiwanja chochote, muulize dalali: unanifanyia kazi mimi au muuzaji, na unalipwa na nani? Wengi huona haya kuuliza. Kutouliza ndiko kunakowagharimu.

Kuna jambo linaitwa cha juu. Muuzaji anamwambia dalali, "Nataka milioni sita." Dalali anakuja kwako na kusema, "Mzee anataka milioni nane, hapungui." Tufanye hesabu ya mfano. Umelipa 8,000,000, na juu yake umempa dalali asilimia 10 ya ahsante, yaani 800,000. Muuzaji naye, asiyejua kilichotokea upande wako, amemkatia asilimia 5 ya milioni zake sita, yaani 300,000. Wewe zimekutoka 8,800,000. Mwenye kiwanja amebaki na 5,700,000. Milioni tatu na laki moja zimeishia katikati, zaidi ya nusu ya kile alichopata mtu aliyemiliki ardhi hiyo tangu ujana wake. Hizo zingefikisha msingi wa nyumba ndogo mbali.

Watu husema ndivyo biashara ilivyo. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu wakala na mtu aliyemtuma. Wakala anatakiwa kumtolea hesabu aliyemtuma. Hatakiwi kujinufaisha kwa siri ndani ya kazi aliyotumwa, na akifanya hivyo, aliyemtuma anaweza kuidai faida hiyo. Ila ili uidai, lazima ionekane kwamba ulimtuma. Maneno ya kijiweni ni magumu kuyathibitisha mbele ya baraza. Karatasi moja yenye saini mbili inatosha.

Jambo hili halipo kwetu peke yetu. Marekani, ambako mawakala wana leseni na ofisi, wauzaji wa nyumba walikishtaki chama cha mawakala kwa namna malipo yalivyokuwa yakipangwa, na mwaka 2024 chama hicho kikakubali kulipa dola milioni 418. Tangu Agosti mwaka huo, wakala wa mnunuzi anapaswa kusaini naye makubaliano ya maandishi yanayotaja malipo kabla ya kumzungusha kwenye nyumba. Kama nchi yenye leseni na bodi imeona haja ya karatasi hiyo, sisi tusio na bodi tunaihitaji zaidi.

Njia rahisi ya kuzima cha juu ni kuonana na muuzaji uso kwa uso kabla ya bei kukubaliwa. Dalali akikataa kabisa, akisema "mzee hapendi kusumbuliwa", achana na kiwanja hicho. Mtu anayeuza ardhi yake hukubali kusumbuliwa na anayeleta fedha.

Hela ya kuonyeshwa nayo ina matata yake. Kumlipia dalali nauli ya bodaboda ni haki. Kulipa kila unapoonyeshwa kichaka kunamfundisha kuishi kwa kuonyesha badala ya kuuza. Patana naye jumla tangu mwanzo. Arubuni usimpe dalali hata siku moja. Fedha ya kiwanja iende kwa muuzaji, kwa benki au kwa namba ya simu yenye jina lake, baada ya uthibitisho tunaoueleza sasa.

Yale ambayo lazima uyathibitishe mwenyewe

Nchini mwetu ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Unachonunua ni haki ya kuitumia, na haki hiyo ina karatasi zenye uzito tofauti. Hati miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi zaidi. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa inaonyesha kwamba watu wawili waliuziana mbele ya mashahidi, na haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa mwenye mali. Tafadhali isome sentensi hiyo tena, kwa maana wengi wamejenga juu ya muhuri.

Kiwanja kikiwa na hati, omba nakala yake na uende ofisi ya ardhi ya mkoa ufanyiwe upekuzi rasmi. Majibu yatakueleza kwa maandishi jina la mmiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Utalipa kwa namba ya malipo ya serikali na kupewa risiti. Asikufanyie mtu mwingine "kwa sababu ana rafiki yake mle ndani". Uliza pia kodi ya pango la ardhi: deni la miaka mingi hukifuata kiwanja, na kiwanja ni chako sasa.

Kama hakina hati, nenda idara ya ardhi ya halmashauri na uulize kitalu na namba ya kiwanja, kisha uonyeshwe mchoro wa mipango miji. Watu wamenunua barabara. Watu wamenunua uwanja wa shule ambayo haijajengwa. Muuzaji alikuwa halali kabisa na shamba lilikuwa la baba yake kweli, lakini mchoro ulishapita juu yake.

Halafu uwajue watu walio nyuma ya muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Huku kwetu ambako mzee anaweza kuwa na wake wawili au watatu na kila mmoja ana mji wake, usiridhike kuambiwa "mama anajua". Mama akae kwenye kiti, asome au asomewe, atie saini au dole gumba. Ardhi ikiwa ya marehemu, anayeweza kuiuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa si msimamizi kwa sababu tu ni kaka mkubwa.

Zungumza na majirani wa pande zote nne. Nenda jioni, bila dalali, salimia, kaa kidogo. Uliza mpaka uko wapi na kama pana mgogoro. Nusu saa kwenye benchi la jirani inaweza kukupa yale ambayo wiki nzima ya simu haitakupa.

Na ubebe futi ya kupimia. Viwanja vingi vya pembezoni huuzwa kwa hatua: "ishirini kwa ishirini." Hatua ya nani? Kama hatua ya mpimaji ni sentimita 80, basi ishirini kwa ishirini ni mita 16 kwa 16, sawa na mita za mraba 256. Wewe kichwani ulikuwa na mita 20 kwa 20, yaani 400. Umelipia mita za mraba 144 ambazo hazipo. Andika vipimo kwa mita ndani ya mkataba, na kama fedha inaruhusu, mlete mpima ardhi aliyesajiliwa aoanishe bikoni na ramani. Kwa nyumba iliyojengwa, mthamini aliyesajiliwa chini ya sheria ya wathamini ya mwaka 2016 atakuambia thamani yake.

Hapa ni Geita: angalia chini ya miguu

Mnunuzi wa mji usio na machimbo hana haja ya sehemu kubwa ya haya. Wewe unayo.

Ardhi ya ukanda wetu ina leseni za madini juu yake, na leseni hazionekani kwa macho. Eneo la leseni maalumu ya GGM liko jirani kabisa na mji, na maeneo ya wachimbaji wadogo yametapakaa kuanzia Mgusu hadi Nyarugusu. Sheria ya Madini humruhusu mwenye shamba aliye ndani ya leseni kubwa kuendelea kulima na kuchunga, lakini kujenga kunahitaji kibali cha mwenye leseni. Kiwanja cha bei ya kutupa upande wa mgodini huenda kina sababu hiyo. Ofisi ya Afisa Madini Mkazi ina ramani ya leseni. Nenda na vipimo vya eneo ukaulize.

Dalali anaweza pia kukuongezea bei kwa kunong'ona, "Hapa pana mwamba, mama." Madini ni mali ya umma hata yakiwa chini ya kitanda chako. Ukitaka kuyachimba utahitaji leseni kutoka Tume ya Madini, na huenda mtu mwingine ameshaipata. Usilipie mwamba kwenye bei ya kiwanja cha makazi.

Maduara ya zamani yanatisha zaidi. Lililofukiwa juu juu kwa kifusi na majani huonekana kama ardhi ya kawaida mpaka ukuta upasuke au sakafu izame. Waulize wazee nani alichimba wapi. Jihadhari na udongo laini wa mviringo katikati ya ardhi ngumu. Vivyo hivyo mahali palipokuwa mwalo wa kuoshea dhahabu au mtambo wa kuchenjulia: zebaki haiondoki kwa sababu mitambo imehamishwa, na wanaochezea udongo huo ni watoto wako, na kisima utakachochimba kitapita humo humo. Kwa kiwanja cha namna hiyo hatuna ushauri wa kupunguza bei. Usinunue.

Barabara kuu inayopita mjini kwenda Kagera ina hifadhi ya mita 30 kila upande kuanzia katikati, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Fremu ya duka iliyo ndani ya mita hizo inaweza kukuingizia kodi miaka mitano kisha ikachorwa alama ya X. Pima kwa futi yako ile ile.

Lini usihangaike na dalali

Halmashauri inapouza viwanja vilivyopimwa, dalali hana kazi. Fomu ziko ofisini, bei imebandikwa ukutani na fedha inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali; anayesema atakusogezea jina anauza kisichokuwa chake. Huna haja naye pia kama umeishi mtaani hapo miaka mingi na unanunua kwa jirani unayemfahamu, ingawa undugu na ujirani haufuti hata hatua moja ya uthibitisho. Fedha ambayo ingemwendea dalali mpe wakili aandike mkataba. Jina la wakili unaweza kulihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuuziana ardhi uwe wa maandishi, na tumeona maneno mazuri ya mdomo yakishindwa na karatasi mbaya ya mtu mwingine.

Unapopanga bajeti kumbuka ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya thamani, na kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa muuzaji mkazi wa nchini. Hiyo ya pili ni ya muuzaji kisheria, lakini wauzaji wengi huisukumia kwa mnunuzi dakika ya mwisho. Iandikeni mapema nani atalipa, na muulize TRA viwango vya wakati huo.

Karatasi ya kusaini na dalali

Nakili maneno haya kwa mkono wako, jazeni, kila mmoja abaki na nakala:

"Mimi (jina la mnunuzi) nimemtuma (jina la dalali, namba ya kitambulisho cha taifa) anitafutie kiwanja au nyumba katika kata ya ........ kwa bei isiyozidi shilingi ........ Malipo yake yote ni shilingi ........, nitakayomlipa siku nitakayosaini mkataba na muuzaji, si kabla. Hatapokea malipo mengine kwa muuzaji bila kunijulisha kwa maandishi. Hatapokea arubuni kwa niaba yangu. Atanikutanisha na muuzaji kabla ya bei kukubaliwa. Upekuzi ukionyesha kwamba muuzaji si mmiliki, hakuna malipo."

Malipo yaandikwe kama kiasi maalumu, siyo asilimia ya bei. Dalali anayelipwa asilimia anafurahi bei ikipanda. Anayejua atapata laki tano, kiwanja kiwe cha milioni sita au nane, hana sababu ya kukupandishia.

Ukiwa umeshatapeliwa

Usikae kimya kwa aibu. Aliyejipatia fedha yako kwa udanganyifu ametenda kosa la jinai, ripoti polisi na ujumbe wa simu, risiti za miamala na majina ya mashahidi. Usifute kitu kwenye simu.

Mgogoro wa ardhi yenyewe huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na si kutoa hukumu. Likishindwa kuwasuluhisha ndani ya siku 30, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Dai la kurudisha ardhi lina ukomo wa miaka 12, na dai la mkataba, kama lile la kumdai dalali cha juu, ni miaka 6. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba msaada wa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2017. Anzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, umpelekee karatasi zako zote, hata ile iliyochanika.